Kabla Hujapokea Kompyuta ya Paker

Mwanangu Lemayian,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mashahidi wawili, yaani mimi na paka, natangaza rasmi kwamba leo alasiri zipu ya begi lako imekubali kufunga. Haikuwa vita ndogo. Nililikalia begi, nikalibembeleza kwa Kimaasai, nikalikaripia kwa Kiswahili, na mwishowe likasalimu amri. Paka hakusaidia kitu. Ukifika Tuala kwa Tanti Paker kesho usilifungue mbele ya wageni, maana koti la baba yako litawarukia.

Hiyo ndiyo habari kubwa ya Kitengela leo. Wewe uko Kajiado, umeenda kumuaga bibi, koko yako, na najua hatakuachilia kabla hajakutemea mate ya baraka mpaka shati lilowe. Baba yako yuko kwenye lango anamweleza jirani habari za chuo chako kana kwamba ni yeye aliyepita mtihani. Kwa hivyo nyumba imetulia, nami nimepata meza.

Sitakuandikia mambo ya soksi. Wala ya kula vizuri, wala ya kusali, wala ya kuamka mapema. Hayo nimeyasema tangu hujui kutembea, na kama hayakuingia wakati ule, karatasi haitayaingiza leo. Nataka kukuandikia juu ya madabodi.

Ndiyo, madabodi, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta. Nakusikia ukisema, "Matha, wewe tena na kompyuta?" Cheka tu, uko na haki. Katika ukoo huu mimi ndiye mama aliyechoma kompyuta. Harusi haziishi bila hadithi yangu. Binamu zako waliozaliwa juzi wanajua nilivyotoka ofisini nikiwa nimefunikwa na leso, nikipiga kelele "Moto!", na hakukuwa na moto, kulikuwa na uzi mdogo wa moshi na harufu kama ya kwato inayoungua. Nimeicheka hadithi hiyo kuliko mtu yeyote. Leo nataka uijue yote.

Jumapili Paker alipiga simu, akaongea na baba yako. Sauti yake unaijua, haihitaji simu. Nilimsikia nikiwa jikoni: "Mwambie mtoto wangu asinunue kompyuta! Namtengenezea moja hapa dukani. Atakuwa nayo mpaka amalize chuo. Ataikuta kwenye chumba chake." Baba yako nusura acheze. Akanipa simu. Nikasema, "Asante, Paker." Tangu hapo nimekuwa nikifuta macho jikoni, nawe umekuwa ukiniuliza kama ninalia kwa sababu unaondoka. Nalia kwa sababu unaondoka. Lakini pia kwa sababu ya hiyo kompyuta.

Wewe umezoea kumwita Tanti Paker, na sidhani umewahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi. Jina lake ni Nasieku. Tulisoma pamoja, tukajifunza kupiga taipu pamoja, mimi nikaajiriwa katika ofisi moja ya Kajiado na yeye akaenda Nairobi kujifunza kompyuta wakati wengi wetu tulidhani kompyuta ni televisheni isiyo na habari. Uchungu wa kukuzaa uliponishika, baba yako alikuwa mbali akichunga ng'ombe, kulikuwa na ukame. Nasieku alikuwa amekuja kunitembelea. Ni yeye aliyenipeleka hospitali, ni yeye aliyenishika, na mikono ya kwanza ya nyumbani kukupakata ilikuwa yake. Halafu akaniletea kondoo jike, mnene, mkia umejaa. Unajua mila. Anayekupa kondoo mnaacha kuitana majina, mnaitana Paker, yeye na wewe, mpaka kaburini. Zawadi inakula majina yenu.

Na mnyama wa namna hiyo hakaguliwi. Ukimpapasa mkia mbele ya aliyemleta, uone kama ana mafuta, umemtukana. Unampokea, unashukuru, unamfungia. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Kwa kondoo ni adabu nzuri sana.

Sasa madabodi. Walipotupunguza kazini, miaka ile ya tisini ambapo kila ofisi ilikuwa inapunguza watu, nilikuja hapa Kitengela nikakodisha chumba kimoja karibu na barabara ya Namanga. Watu walikuwa wanagawana mashamba ya ranchi na kuyauza, na kila anayeuza alitaka karatasi iliyochapwa. Nilianza na taipu. Kila nikikosea jina la mzee, narudia ukurasa mzima. Paker akaja, akaniangalia nikirudia, akasema:

"Paker, utakufa ukiwa umeinama hapo. Tutafute kompyuta."

"Ya nani? Ya waziri?"

"Ya kuunganisha vipande. Twende nikuonyeshe."

Tukaenda Nairobi, kwenye zile barabara ambako maduka yanauza redio mbele na vyuma nyuma. Huko ndiko alikonifundisha, na lazima niseme ukweli, alinifundisha vizuri. Yote ninayoyajua juu ya madabodi nilifundishwa na yeye. Aliishika mkononi akaniambia hii ndiyo nyumba, kila kitu kingine ni mpangaji. Prosesa ndiyo ubongo, lakini ubongo unabadilishwa. Mtu mjinga ananunua prosesa kali na kuiweka kwenye madabodi hafifu, anafurahi mwaka mmoja, halafu anatupa vyote. Mtu mwenye akili na mfuko mwembamba anafanya kinyume: ananunua madabodi nzuri, anaiwekea prosesa dhaifu kwa sasa, na mambo yakimnyookea anatoa ile dhaifu na kuweka kali.

Hilo nililielewa kabla hajamaliza. Ni kama kuchagua mtamba. Humwangalii kwa maziwa ya leo, maana hana. Unauliza mama yake alikuwa nani, nyonga zake zikoje, atazaa nini. Basi nikaanza kumuuliza yule muuzaji kama ninavyouliza sokoni. Hii inakubali prosesa ipi leo? Na ile itakayokuja kesho? Yenye nguvu kuliko zote inayoweza kuibeba ni ipi? Inajua kuipunguzia umeme, maana nasikia za kisasa zinakula kidogo? Soketi yake, yale matundu ya prosesa, ni ya aina inayoingia sokoni au ya aina inayotoka? Kijitabu chake kiko wapi? Yule kijana alitokwa jasho. Paker alikuwa ananikanyaga mguu akicheka. "Mama huyu anaposa," akamwambia muuzaji. "Mwonyeshe bibi harusi vizuri."

Shika maswali hayo, Lemayian. Majina ya soketi yamebadilika mara nyingi tangu siku hizo na yatabadilika tena kabla hujamaliza mwaka wa kwanza, lakini maswali hayajabadilika. Hasa lile la umeme. Kuna madabodi ambazo matundu yake yanalingana kabisa na miguu ya prosesa mpya. Inaingia vizuri, inakaa sawa, unajipongeza. Lakini madabodi ni ya zamani, haijui prosesa hii inahitaji umeme kidogo, inaimwagia ule mwingi iliyoizoea. Kuingia si kukubaliwa. Uliza kijitabu, usiulize matundu.

Tulinunua madabodi iliyojua mambo hayo yote, na prosesa dhaifu ya kuanzia. Nililala nayo nyumbani kwanza, ili koko yako aione, kisha nikampelekea Paker dukani kwake Ngong aiunganishe. Alikataa malipo. "Kati ya Paker na Paker?" akasema. Siku chache baadaye akaileta Kitengela mwenyewe, ndani ya kasha jeupe, skrubu zake zimebandikwa karatasi ya muhuri.

"Usiifungue kabisa," aliniambia. "Vumbi la Kitengela litaiua. Siku ukitaka kuweka prosesa mpya, niite mimi."

Sikuifungua. Ningeifunguaje? Aliyenipa ni Paker. Ningekuwa ninapapasa mkia.

Kompyuta ile ilitulisha. Ulipata viatu vyako vya kwanza vya shule kwa mikataba ya mashamba, ingawa sasa nikikumbuka majina ya wazee niliowachapia mauzo hayo, na ninavyowaona leo wakilinda maghala kwenye ardhi iliyokuwa yao, sijivuni sana. Hiyo ni barua nyingine.

Halafu ikaja ile kazi ya mitihani. Shule za eneo letu zilitaka mtu mmoja wa kuzichapia mitihani ya kila muhula, na mwalimu mkuu aliyesimamia alipenda kazi yangu. Sharti lilikuwa moja: niwe na programu mpya, inayoweka michoro na hesabu. Kwenye kompyuta yangu programu hiyo ilitembea kama punda aliyebeba maji ya kijiji kizima. Lakini mimi sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na madabodi yangu! Siku niliyoingojea ilikuwa imefika. Nikaenda Nairobi peke yangu, nikanunua prosesa iliyoandikwa kwenye kile kijitabu, ile kali kuliko zote inayoweza kubebwa. Sikumwita Paker. Nilitaka kumpigia simu baadaye nijigambe: mwanafunzi wako ameweka mwenyewe.

Wewe ulikuwepo. Ulishika tochi. Nilifuata kila hatua, nikabadilisha vile vibanio vidogo vya kupangia umeme kama kijitabu kilivyosema, ingawa niliona haviko mahali vilipochorwa, nikajiambia ni vumbi, ni macho yangu, ni uzee. Prosesa ikaingia bila kusukumwa. Nikawasha. Unaujua moshi.

Kazi ya mitihani ilikwenda kwa mtu mwingine. Kabla ya mwaka kuisha nilifunga ofisi, nikaanza kuuza maziwa. Baba yako, Mungu ambariki, hakunigombeza hata siku moja. Alinibandika tu jina la Mama Moshi, na jina likashika.

Unakumbuka Krismasi ile tulipochinja mbuzi wawili, na Paker akaja na watoto wake? Nilikuwa naenda kugeuza nyama. Akapaza sauti mbele ya ukoo mzima: "Mzuieni huyo! Akishika hilo jiko tutakula majivu!" Watu wakavunjika mbavu. Halafu akasimama akaigiza, leso kichwani, mikono juu, "Moto! Moto!" Alinipata vizuri, hata mwendo wangu. Wewe ulicheka mpaka ukapaliwa na soda, nami nikakupiga mgongoni. Nilicheka pia. Nilimwangalia akiigiza, nikacheka, na ndani nilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Sijakuambia haya ili umchukie. Utalala nyumbani kwake, utakula chakula chake, na atakupenda kweli, maana anakupenda, hilo sina shaka nalo hata kidogo. Hilo ndilo lililonisumbua miaka yote hii: kwamba mtu anaweza kukupakatia mtoto wako kwa mikono ile ile inayokupunja. Nilipokuwa kijana nilidhani wanaokusaliti ni aina nyingine ya watu, na utawajua kwa macho. Sivyo. Ni wale wale. Kuna upande wao uliokubeba, na kuna upande uliokupunja, na hakuna mmoja uliokuwa wa uongo.

Baba yako hajui. Angejua, asingekubali uende Tuala, na koko yako angemrudishia Nasieku kondoo wake mbele ya wazee, na urafiki wa nyumba mbili ungeisha kwa aibu. Nilijiambia kwamba ninalinda nyumba mbili. Sasa naona nililinda tu kimya changu, na kimya hicho kesho kitakupeleka wewe kwenye chumba chenye kompyuta iliyofungwa muhuri. Sitaki urithi kimya hicho. Kwa hivyo ninakuomba jambo moja. Akikupa hiyo kompyuta, shukuru, mkumbatie, halafu umwambie, "Tanti, tuifungue pamoja unionyeshe madabodi." Iseme mbele yake, kwa uso mkunjufu. Uliza kijitabu. Uliza inabeba prosesa ipi kesho. Kama ni nzuri, atafurahi kukuonyesha, ni mwalimu mzuri. Kama si nzuri, mtajua wote wawili siku ya kwanza, na hutahitaji kubeba kitu kama nilichobeba mimi. Atakuona huna adabu. Na iwe hivyo. Mwambie ulilelewa na mama aliyechoma kompyuta.

Sasa, hivi ndivyo ilivyokuwa.

Siku iliyofuata ule moshi nilibeba kasha lote mpaka Ngong. Nilikuwa na aibu kuliko huzuni. Paker alikuwa dukani peke yake, kompyuta yake mwenyewe imefunguliwa, ameitoa vyuma vyote anavipangusa vumbi. Nikamweleza. Aliposikia kwamba nimefungua kasha, alishika mdomo. Nikadhani ananihurumia. Nikafika kwenye moshi, na leso, na jinsi nilivyokimbia. Hapo akaanza kucheka. Alicheka kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Uliichomeka vibaya, Paker! Si nilikwambia uniite?"

"Nilifuata kijitabu."

"Kijitabu! Wewe na vijitabu! Kaa hapo nikuletee chai."

Akaenda nyuma. Nikabaki na meza yake. Madabodi yake ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya gazeti, na nyuma yake, kwenye kona isiyo na chuma, kulikuwa na rangi nyekundu ya kucha: mkato mmoja wa mshazari na nukta mbili. Ni alama ya masikio ya ng'ombe wa nyumbani kwetu. Niliichora mimi mwenyewe, siku madabodi ilipolala nyumbani, kwa sababu koko yako aliiangalia, akaigeuza, akaniuliza, "Umeitia alama?" Nikamwambia, "Yeyo, mama, hii ni kompyuta." Naye akasema, "Kitu kinachotoka nyumbani bila alama ni cha nani?" Nikaipaka ili anyamaze. Sikuwahi kumwambia Paker, niliona atanicheka.

Alirudi na chai. Nilikuwa bado nimesimama.

"Hii madabodi ni nzuri," nikasema. "Ya nani?"

"Hiyo? Ni yangu. Iko hapa muda mrefu."

"Uliipata wapi?"

Alipanga vikombe kwanza. "Kuna mteja fulani, zamani. Alikuwa anataka kuchapa barua tu. Ilikuwa kubwa kwake, nikamwekea ya kumtosha." Kisha akanitazama na kutabasamu. "Kunywa, Paker, inapoa."

Nikakaa. Nikainywa yote. Ilikuwa na tangawizi, jinsi ninavyoipenda, na alikuwa amekumbuka kuniwekea sukari kidogo tu. Akaniuliza kama umeanza kusoma, nikamwambia umeanza. Nilipotoka alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea lile kasha, na nilipovuka akaniita kwa nguvu, "Paker! Nisalimie mtoto wangu!"

Nikageuka, nikamwitikia.

Mama yako